Raha ya Sikio: Vicheza Muziki vya Mfukoni na Afya ya Usikivu

Mgonjwa anayelalamikia mvumo masikioni huulizwa maswali ambayo kila mhudumu wa afya anayafahamu: je, amewahi kufanya kazi penye mitambo yenye kelele, amechomwa sindano za dawa zinazoweza kudhuru sikio, amepata kutokwa na usaha, katika ukoo wake yumo aliyezaliwa kiziwi? Swali moja husahaulika mara nyingi, kwa kuwa ni la kawaida mno hata likaonekana halina uzito wa kitabibu. Anasikiliza muziki kwa chombo gani, nacho kinamkaa vipi?

Madhara ya sauti hutegemea mambo mawili, ukali wake na muda wake, na yote mawili huamuliwa kwa kiasi kikubwa na umbo la chombo. Chombo kizito huwekwa chini. Kinachobana kichwa huvuliwa, na kinachowasha ngozi hupumzishwa mpaka kesho. Lakini kile kisichohisiwa kabisa hubaki sikioni tangu daladala ya asubuhi hadi usingizi wa usiku. Kwa hiyo historia ya vicheza muziki vya mfukoni, ambayo wauzaji huisimulia kuwa ni historia ya raha inayoongezeka, mwenye kutibu masikio anaweza kuisoma kwa namna nyingine: kizuizi kimoja baada ya kingine kimeondolewa, na karibu kila kizuizi kilikuwa kikilipumzisha sikio bila mtu kukusudia.

Kaseti iliyokuwa na mwisho

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza nchini Japani kicheza kaseti cha TPS-L2, ambacho dunia ilikuja kukijua kwa jina la Walkman. Kilitokana na kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, kikiwa kimeondolewa uwezo wa kunasa. Kilikuwa na uzito wa takriban gramu 400, kikiendeshwa kwa betri mbili ndogo, na kilifuatana na hedifoni nyepesi zenye sponji. Wepesi wa hedifoni hizo ndio uliokuwa jambo jipya hasa, maana zile zilizotumika majumbani wakati huo zilikuwa na uzito wa mara kadhaa, na hakuna ambaye angetembea nazo njiani.

Wabunifu wake walikuwa na hofu ambayo leo inashangaza. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona kwamba kusikiliza peke yako mbele ya mwenzako ni utovu wa adabu. Ndiyo sababu toleo la kwanza lilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho kikibonyezwa kilishusha muziki na kufungua maikrofoni, ili wasikilizaji wasemeshane bila kuvua kitu. Aidha, lilikuwa na vitelezi viwili vya sauti, kimoja cha sikio la kulia na kingine cha kushoto. Matoleo yaliyofuata yaliacha mengi ya hayo kwa kuwa wanunuzi hawakuyajali. Kutoka upande wa afya, kitufe kile kilikuwa na faida moja ambayo huenda haikufikiriwa na yeyote: kila mazungumzo yalikuwa mapumziko.

Mapumziko mengine yalitokana na udhaifu wa chombo chenyewe. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kwa kila upande, na upande ukiisha ilibidi msikilizaji asimame, atoe kaseti na kuigeuza. Betri zilipochoka, mwimbaji alianza kuimba polepole kama mtu mwenye usingizi, na msikilizaji hakuwa na la kufanya. Isidhaniwe hata hivyo kwamba Walkman ilikuwa salama. Sponji haizuii kelele za nje, na mwenye kuivaa ndani ya treni au basi alipandisha sauti ili ishinde mngurumo wa injini. Jirani yake aliisikia pia, ikitoka kama mlio wa panzi, na huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Gurudumu na waya mweupe

Tarehe 23 Oktoba 2001 kampuni ya Apple ilitangaza iPod. Ilikuwa na gramu 185, yaani chini ya nusu ya uzito wa Walkman ya kwanza. Ilibeba nyimbo 1,000 na kupiga kwa takriban saa 10 bila kuchajiwa. Hapakuwa na upande wa kugeuza. Mtu wa kawaida aliweza kumaliza siku nzima ya kazi kabla ya muziki wake kwisha.

Ubora wa iPod kwa mtumiaji ulikuwa kwenye gurudumu lake. Kidole gumba kimoja kilizunguka na orodha ya nyimbo ikateremka. Mkono uliojifunza haukuhitaji macho. Januari 2005 ikatoka iPod shuffle, yenye gramu 22 tu na bila kioo chochote, ikiwa na vitufe vichache vilivyopangwa katika duara. Wahakiki wengi waliiona kuwa pungufu. Lakini mtu asiyeona, mzee anayetetemeka mikono, au mgonjwa wa baridi yabisi ambaye vidole vyake havikunjuki vizuri, huona afadhali kitufe kinachobonyea na kuitikia kuliko kioo kilaini ambacho kila sehemu yake inafanana na nyingine. Simu za leo zimepoteza jambo hilo, na anayemchagulia mgonjwa chombo cha kusikilizia mawaidha, mafundisho ya afya au nyimbo za ujana wake afadhali alikumbuke. Katika baadhi ya nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani, wagonjwa wa kusahau walipewa iPod zilizojazwa nyimbo za zamani zao, na filamu ya Alive Inside ya mwaka 2014 ilionyesha jinsi baadhi yao walivyochangamka. Waliovalishwa hedifoni hawakuweza kuzivaa wenyewe, kwa hiyo uzito na mbano wake vilikuwa sehemu ya huduma.

Udhaifu wa iPod ulikuwa kwenye vile vipokea sauti vyeupe vilivyokuja nayo. Vilikuwa vya plastiki ngumu, vya ukubwa mmoja, vikikaa kwenye bakuli la sikio bila kuziba tundu. Masikio ya watu hayafanani. Aliyekuwa na bakuli dogo aliumia baada ya nusu saa, na aliyekuwa na kubwa viliponyoka kila alipogeuza kichwa. Wote wawili walisikia barabara yote, na wote wawili walipandisha sauti. Ufaransa ilikuwa na sheria ya kuzuia vicheza muziki kuvuka desibeli 100, na mwaka 2002 iPod ilisimamishwa kwa muda katika soko la nchi hiyo hadi programu yake iliporekebishwa. Mwaka 2006 Apple iliongeza katika baadhi ya matoleo uwezo wa mtumiaji, au mzazi, kujiwekea kikomo cha sauti.

Uuzaji wa iPod ulikoma mwaka 2022, simu ikiwa imekwisha kuchukua kazi yake. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki sura hiyo ya kati ilipita mbali: walitoka kwenye redio ya kaseti wakaingia moja kwa moja kwenye simu yenye memori kadi iliyojazwa nyimbo kibandani kwa malipo madogo. Chombo wanacho, kilichobaki ni kuchagua kitakachogusa sikio.

Dozi ya sauti

Ndani ya koklea, kiungo kidogo chenye umbo la konokono, binadamu huzaliwa na takriban seli 15,000 zenye vinywele vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Seli hizo zikifa hazioti tena. Zikichoshwa bila kufa, usikivu hufifia kwa saa kadhaa kisha hurudi, kama inavyomtokea atokaye kwenye muziki wa harusi akihisi masikio yamejazwa pamba. Kurejea huko humdanganya mtu. Kila uchovu wa namna hiyo ni onyo kwamba mpaka umevukwa.

Wahudumu wa afya wamezoea kufikiri kwa dozi, na sauti nayo ifikiriwe hivyo hivyo. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unachukulia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima. Kwa watoto na wengine wenye masikio mepesi kudhurika kikomo ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu na muda unaoruhusiwa hukatika nusu. Hesabu hiyo ni katili kuliko inavyoonekana. Kwenye desibeli 83 zinabaki saa 20 kwa wiki, kwenye 89 saa 5, kwenye 95 saa moja na robo, na kwenye 101 dakika zisizofika 20, wiki nzima. Katika simu, kubonyeza kitufe cha sauti mara moja kunaweza kuongeza desibeli 3 au zaidi. Kidole kimegusa kidogo tu, na nusu ya dozi ya wiki imekwenda.

Kwa kawaida upotevu wa usikivu unaotokana na kelele huanza kwenye sauti nyembamba, kati ya hezi 3,000 na 6,000. Irabu, ambazo ni nzito na zenye nguvu, hubaki. Zinazopotea ni konsonanti za kupumua. Mgonjwa huchanganya fika na shika, hasa penye watu wengi. Husikia vema kwamba anasemeshwa, bali haelewi alichoambiwa. Nyumbani husemwa kwamba ana kiburi au hana makini. Wengine hufika kliniki wakiwa wamekwisha kugombana na wenzi wao kwa sababu hiyo, na hujieleza kwa kusema kwamba watu wa siku hizi hawatamki maneno sawasawa.

Kinachokaa sikioni

Umbo la kwanza, hedifoni zenye sponji zinazokaa juu ya sikio, linarudi madukani kila baada ya miaka michache kwa sababu ya wepesi wake. Linafaa chumbani penye utulivu. Umbo la pili, vile vidude vya plastiki vinavyokaa kwenye bakuli la sikio, ndilo la bei rahisi na ndilo linaloenea zaidi. Kasoro zake zimekwisha kutajwa.

Umbo la tatu huingia kwenye tundu lenyewe kwa kishikizo cha silikoni au sponji laini. Wagonjwa wengi huliogopa wakidhani kwamba sauti iliyo karibu zaidi na kiwambo ndiyo inayoua sikio. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Kishikizo kinachoziba vizuri hupunguza kelele za nje, na msikilizaji aliye ndani ya basi hutosheka na sauti ya chini kuliko ile ambayo angeihitaji kwa umbo la pili. Hatari hutokea kishikizo kisipoenea. Pakiwa na mwanya, besi hupotea kwanza, muziki husikika mwembamba, na msikilizaji hupandisha sauti akiitafuta besi ambayo haiwezi kurudi. Ndiyo maana vishikizo vya ziada, vidogo na vikubwa, vilivyomo kwenye boksi visitupwe. Sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja huweza kuhitaji ukubwa tofauti. Dalili ya kukaa vizuri ni rahisi: besi husikika hata sauti ikiwa chini, na mtu akisema husikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani. Mvumo huo, pamoja na mshindo wa nyayo anapotembea, huwakera wengine wasiweze kuuvumilia. Hao watumie umbo jingine.

Umbo la nne hulizunguka sikio lote kwa mto laini. Ndilo lenye starehe kubwa kwa anayeketi, kwa kuwa haligusi sikio lenyewe, na ndilo linalomfaa mwenye ngozi nyepesi au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, kwa idhini ya daktari wake. Lakini mto huo unahitaji kushikana na ngozi pande zote. Mikono ya miwani, mikunjo ya hijabu na misuko minene ya nywele hufungua mianya, na mianya hurudisha tatizo lile lile la besi. Mwenye kununua ajaribu akiwa amevaa anavyovaa kila siku. Joto la pwani nalo lina neno lake: mito ya ngozi bandia hutoa jasho baada ya robo saa, ilhali ya kitambaa huvumilika zaidi ingawa huziba kidogo.

Baadhi ya vyombo vya umbo la tatu na la nne vina uwezo wa kuifuta kelele kwa kutoa mawimbi yaliyo kinyume cha mawimbi yake. Amar Bose alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na hedifoni za marubani za kampuni yake zikaanza kuuzwa mwaka 1989. Ufundi huo hushinda vizuri mngurumo mzito kama wa injini, na huwasaidia kidogo tu walio katikati ya maongezi na honi. Kwa anayesafiri mwendo mrefu ni msaada wa kweli kwa sikio. Kwa anayevuka barabara yenye bodaboda ni hatari ya aina nyingine, na hapo hakuna chombo bora isipokuwa kile kilichovuliwa.

Vilivyobadilisha mambo zaidi katika miaka ya karibuni ni vile visivyo na waya. AirPods za kwanza, zilizoanza kuuzwa Desemba 2016, zilikuwa na gramu 4 kila upande. Waya ulikuwa ukinasa kwenye kitasa cha mlango, ukikatika karibu na tundu, ukimkumbusha mtu kwamba amefungwa na kitu. Umeondoka, na kumbukumbu hiyo imeondoka nao. Watu huzungumza, hula na hulala navyo. Wengi hutumia kimoja huku kingine kikichajiwa. Sauti inayoingia sikio moja tu husikika dhaifu kuliko ile ile ikiingia mawili, kwa hiyo hupandishwa, na sikio moja hubeba mzigo wa yote mawili.

Jasho, nta na ngozi

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na hujisafisha wenyewe: ngozi yake husogea polepole kuelekea nje ikibeba nta. Kinachoingizwa kila siku kwa saa nyingi huirudisha nta hiyo ndani, huzuia hewa na kutunza unyevu. Matokeo ni kuziba, kuwasha, na mara nyingine uambukizo wenye maumivu makali ndewe inapovutwa. Vishikizo vipanguswe kwa kitambaa kikavu baada ya matumizi, vya silikoni vivuliwe na kuoshwa kwa maji na sabuni kidogo, kisha vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kuazimana kusifanywe. Anayetokwa na usaha asizibe sikio hilo kwa chombo chochote hadi apone, na mwenye tundu kwenye kiwambo apate kwanza ushauri wa mtaalamu. Mara nyingine kishikizo hubaki ndani chombo kinapovutwa. Mgonjwa asikichokoe kwa kijiti cha pamba, maana hukisukuma mbele, na mhudumu asijaribu kukitoa pasipo kukiona vizuri.

Kuhusu kiasi cha sauti, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kutovuka asilimia 60 ya uwezo wa chombo. Ni ushauri mzuri kwa kuwa unakumbukika, ingawa asilimia 60 ya simu moja ikiunganishwa na hedifoni moja haitakuwa sawa na asilimia 60 ya nyingine. Kipimo kingine hakihitaji namba: mtu aliye umbali wa mkono mmoja akisema kwa sauti ya kawaida na msikilizaji asimsikie, sauti ishushwe. Hedifoni za watoto zilizoandikwa kwamba hazivuki desibeli 85 zisichukuliwe kuwa ruhusa ya siku nzima. Kwa kiwango hicho hata dozi ya mtu mzima huisha baada ya saa 12 hivi za wiki.

Upande mmoja ukinyamaza

Malalamiko ya kawaida kabisa kuhusu vyombo hivi ni kwamba upande mmoja umekufa. Mara nyingi ni waya uliokatika ndani, au wavu mdogo uliozibwa na nta. Mara chache ni sikio. Kuna jaribio la dakika moja ambalo mhudumu anaweza kulifanya popote, na mgonjwa anaweza kulifanya nyumbani. Ukiwa ni umbo la kuvaliwa kichwani, ligeuzwe ili upande wa kulia uje kushoto. Yakiwa ni maumbo ya kuingizwa, kila kimoja kihamishiwe sikio jingine. Ukimya ukihama pamoja na chombo, tatizo ni la chombo, kisafishwe au kitupwe.

Ukimya ukibaki kwenye sikio lile lile, sikio lichunguzwe. Nta ikionekana, iondolewe kwa utaratibu. Mfereji ukiwa safi, kiwambo kikiwa kizima, na mgonjwa akieleza kwamba usikivu wa upande huo umeshuka ghafla, kwa mfano tangu alipoamka, jambo hilo lichukuliwe kuwa la dharura. Usikivu unaopotea ghafla kwa sababu ya sikio la ndani una nafasi nzuri zaidi ya kurudi dawa zikianzwa ndani ya siku chache, na nafasi hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mgonjwa wa namna hiyo asirudishwe nyumbani na matone ya sikio na tarehe ya mwezi ujao. Apelekwe kwa mtaalamu wa masikio siku hiyo hiyo, barua ya rufaa ikiwa imeandikwa saa au siku tatizo lilipoanza.